Kiti cha Mfalme Aliye Mbali

Guangzhou, 9 Februari 2025

Dada yangu Sesilia,

Kwa majonzi makubwa, na baada ya kushauriana na mimi mwenyewe, natangaza kifo cha sufuria yangu ya umeme ya kupikia wali, kilichotokea Alhamisi asubuhi ikiwa kazini. Marehemu ameacha mgane mmoja, ambaye ni mimi, na nusu mfuko wa mchele. Mazishi yamefanyika nyuma ya jengo mbele ya mzee wa kukusanya vyuma chakavu, aliyetoa heshima zake za mwisho kwa kumpima kwenye mzani. Maombolezo yataendelea hadi nitakaponunua nyingine.

Mimi ni mzima. Marahaba kwa shikamoo zako zote mbili, ya mwanzo wa barua na ya mwisho. Ya pili nimeiweka akiba. Barua yako ya Krismasi imenifikia baada ya Mwaka Mpya wa Wachina, bahasha imechoka kuliko mimi. Usinirudishe kwenye habari za WhatsApp. Kule mtu anaona umesoma, anaona na saa uliyosoma, kisha anakaa kukuhesabia ukimya. Barua ina adabu zake: ikichelewa, mwenye kosa ni posta.

Za Kibosho unazo. Mguu wa Mama unasumbua kukiwa na baridi, kukiwa na joto anasumbua yeye. Watu wa Godson wamebisha hodi tena kumposa mdogo wetu Loyce, na mdogo wangu Humphrey ameniuliza afanyeje. Nimemjibu wangoje. Kifungua mimba ni mimi. Baba alipofariki kigoda chake kilinijia mimi. Kata ya kwanza ya pombe ya mbege ni yangu, kidari cha mbuzi ni changu, na binti wa nyumba ile hatolewi mimi sijaketi. Humphrey anafanya vizuri kuniachia kiti wazi kila kikao na kukaa pembeni yake akisema kwa niaba yangu. Ni gavana mzuri. Krismasi hii nitakuja, tutamaliza.

Sasa la kwako. Unasema ili Kanada wakupe uraia ni lazima uape utii kwa Mfalme, yeye na warithi wake, na moyo unakataa kwa sababu babu yetu alichapwa viboko na Bwana Shauri wa Kiingereza, mtumishi wa ukoo huohuo, kisa hakupalilia kahawa. Tena unasema wapo Wakanada wenyewe wanaotaka mkuu wa nchi achaguliwe kwa kura, na wewe unaona wana hoja.

Dada, apa. Nimelifikiria hili muda wote nilipokuwa napikia jiko la jirani. Mfalme anayekaa ng'ambo ya bahari ndiye mfalme bora kuliko wote. Hana mjomba Edmonton wa kumpa kazi. Hana shemeji mwenye kampuni ya barabara. Hakupigiwa kura, kwa hiyo hakuna aliyemkataa wa kulipiziwa kisasi. Kiti kipo, kimekaliwa kwa jina, na watu wanaendelea na shughuli zao kwa amani. Mtu wa kuchaguliwa anakuwa karibu, na mtu wa karibu anaonekana hadi meno.

Isalimie theluji.

Kaka yako,
Kassian

---

Edmonton, 23 Machi 2025

Kaka Kassian, shikamoo.

Pole kwa msiba wa sufuria. Huku tumeupokea kwa utulivu.

Sisi hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka na imefichua yote tuliyoyapoteza tangu Novemba. Mimi nimepata kofia moja na glovu mbili zisizo ndugu. Kazini ni kulekule, nyumba ya kutunzia wazee. Yupo mzee mmoja, William, ameweka picha ya marehemu Malkia karibu na meno yake ya bandia. Nilimwambia nasita kuapa. Hakukasirika. Alisema, "Binti, wanasiasa wote niliowapigia kura wamenidanganya. Huyu hajaniahidi kitu." Nikaona wewe na William mngeelewana, ila yeye anakojoa kitandani.

Marlène, muuguzi tunayeshika naye zamu, Mkongomani aliyelelewa Montreal, alikuwa akimbadilisha shuka. Akasema, "Mwanangu kazaliwa hapa. Anaweza kuwa daktari, jaji, hata waziri mkuu. Kile kiti cha juu kabisa ndicho hakimhusu, hata awe malaika. Kinangoja mtoto wa nyumba moja huko London. Sasa mimi nimwambie nini? Kwamba nchi ni yako ila mlango wa sebuleni una mwenyewe?"

Mzee William akaisogeza picha yake karibu. Mimi nikashika upande wa pili wa shuka.

Nikauliza, kwa nini basi wasimtoe kwa heshima wachague wao? Kumbe kumtoa ni lazima bunge la huko Ottawa likubali na majimbo yote kumi yakubali, bila hata moja kukataa. Majimbo haya hayakubaliani hata bei ya maziwa. Kwa hiyo wapo wanaompenda na wapo wasiomtaka, na anabaki kwa sababu kikao cha kumwondoa hakiitishiki. Nilipoelewa hivyo nilikumbuka nyumbani, Kaka. Sikupenda kukumbuka.

Nimeongea na Mama. Watu wa Godson wamekuja mara ya tatu. Hawakuja kwa hasira, ila safari hii hawakuleta mbege, wamekuja na maji ya chupa. Humphrey amewaambia kaka anakuja Krismasi. Elinami, mjomba wake Godson, aliuliza kwa upole, "Ni Krismasi ya mwaka gani?" Ilibidi Mama aingie ndani kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Loyce ameacha kusuka nywele, anafunga kitambaa.

Krismasi ya mwaka jana ulisema hivyohivyo. Na ya mwaka juzi. Naomba jibu la swali moja tu: utakuja lini?

Mdogo wako,
Sesilia

---

Guangzhou, 18 Juni 2025

Dada Sesilia,

Marahaba. Niwie radhi kwa ukimya, shughuli ni nyingi. Mvua za huku zimeanza. Zinanyesha kama zinalipwa. Nimehama kule Liuhua karibu na stesheni, sasa nakaa Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, mashine za cherehani chini na juu yangu. Nimehama kwa ajili ya hewa. Sufuria mpya ni nzuri, ila inaimba wimbo wali ukiiva, na hakuna namna ya kuinyamazisha.

Umeleta hoja za wazee na wauguzi. Nami nikuletee za wafanyabiashara.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tulio hapa tuna chama chetu. Tulikuwa na mwenyekiti mmoja mkongwe ambaye hakuna aliyekumbuka aliingiaje. Alipoondoka kurudi Mombasa, wasomi wakasema sasa tupige kura kama watu waliostaarabika. Wakasimama wawili, Kiplagat na Dullah. Kila mmoja akashonesha fulana hapahapa Kangle, kwa laoban mmoja, tajiri mwenye cherehani, ambaye ndiye pekee aliyefaidika. Kiplagat akashinda kidogo. Dullah akasema wanafunzi wamepiga kura mara mbili. Sasa tuna vyama viwili na fulana za rangi mbili. Mwezi wa nne alifariki mwanamke wa kwetu, mnunuzi wa nguo kwenye soko la Shahe, Mungu amrehemu. Wenyeviti wote wawili walifika hospitali kusaini, na hospitali ikasema haiwezi kumkabidhi marehemu mmoja kwa viongozi wawili. Alingoja pale wiki nzima, mwanamke ambaye hakuwahi kupiga kura.

Kwa hiyo usiniambie kura ni dawa. Mfalme hachaguliwi, na asiyechaguliwa hagombaniwi.

Nilimwambia hivi rafiki yangu Patrice, wa Lubumbashi, mnunuzi wa vitambaa. Aliweka kijiko chini.

"Weye unasema mufalme ya mbali ni muzuri," akasema. "Ya kwetu, ule ya Ubelgiji, alikuwa mbali, kaka. Hakufika hata siku moja kuona inchi. Mikono ya watu ilikatwa yeye hayuko."

"Yule alikuwa mbaya," nikasema.

"Alikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ndiye alishika panga, yeye alishika barua. Ukiwa mbali unasema fanya, unasema ngoja, na hauone sura ya mutu."

Nikamwambia wali unapoa.

Keshokutwa anapanda treni kwenda Yiwu kununua vitu vya jikoni. Alinitaka tufuatane, nimkalimanie. Nimekataa. Siku hizi treni zinanichosha.

Habari imefika hadi huku kwamba Mfalme wako alikwenda Ottawa mwezi uliopita, akasoma hotuba bungeni. Naona hata picha zake: amevaa suti, hana hatia. Basi dada, unaona sasa, mtu wa kuapia anaonekana. Apa.

Mama mpe pole ya mguu.

Kassian

---

Edmonton, 27 Julai 2025

Shikamoo Kaka.

Tu wazima. Mbu wa huku ni wakubwa na hawana haraka.

Ndiyo, Mfalme alikuja. Alilala usiku mmoja, akasoma alichoandikiwa, akaondoka. Marlène alicheka, mzee William alilia. Ila alikuja, Kaka. Mtu ambaye kwake ni London, mzee, anayeugua, alipanda ndege akaja kukaa kwenye kiti ambacho wengine wanasema hakistahili. Hata yeye amekuja.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu la swali langu moja. Nimepata hospitali, fulana, mvua, sufuria inayoimba. Sasa nitasema mimi, na wewe si lazima ujibu.

Zamani ulikuwa unakwenda Hong Kong kila baada ya miezi michache kugonga muhuri na kurudi. Ulikuwa ukinitumia picha za meli. Tangu miaka ya korona hujakwenda. Umehama karibu na stesheni, ambako askari huomba pasi za wageni, umekwenda kujificha kati ya cherehani. Hupandi treni, na treni ya huko haipandwi bila pasi. Mke wa Patrice, Brigitte, aliponipigia kuuliza dawa ya mtoto, nilimuuliza kama unalala hotelini unaposafiri. Akasema, "Kassian? Ule hasafirigi." Kisha akasema mtandao ni mbaya.

Kaka, viza yako ilikwisha siku nyingi, na ukijitokeza utatozwa faini, utarudishwa, na hutaruhusiwa kuingia tena. Hiyo ndiyo Krismasi tunayoingoja. Sikuhukumu. Mimi nimewahi kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine majira ya baridi mawili. Ila usimwambie Loyce angoje kitu ambacho wewe unajua hakiji. Mtu anaweza kuishi chini ya mfalme asiyekuja kama hamhitaji. Loyce anakuhitaji. Ana miaka thelathini na tatu.

Ukumbini tunapopokea wageni kazini kuna chungu, na ndani ya chungu kuna mmea wenye majani marefu ya kijani. Wanauita ua la mapambo. Nimeupita miaka yote nikisukuma viti vya wazee, na wiki iliyopita nikasimama nikautazama vizuri. Ni isale, Kaka. Isale yetu ya mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Sijui ilifikaje Edmonton, labda kama mimi. Nilingoja zamu iishe, nikaiomba radhi kwa Kichaga, nikakata jani moja na kulifunga fundo kama alivyokuwa akifunga Baba. Limo humu ndani ya bahasha.

Unajua sheria. Anayepelekewa isale hakatai analoombwa, hata na adui. Ninaloomba ni hili: sema Humphrey aketi. Au sema wakae kikao wachague wanayemtaka. Lakini sema wewe, maana wewe ndiye uliyesema wangoje.

Kiapo changu kimepangwa mwezi wa tisa.

Sesilia

---

Guangzhou, 14 Septemba 2025

Dada Sesilia,

Marahaba.

Jani limefika. Limekauka, limevunjika ncha, lakini fundo halikufunguka. Limepita forodha mbili bila kuulizwa jambo. Lingekuwa na miguu lingetakiwa viza.

Kwanza nilikusudia kulikataa kisheria. Nilijiuliza kama isale ya kwenye chungu, iliyolelewa na hita, isiyojua kihamba wala mvua za vuli, inayo mamlaka ya kumfunga mtu wa Kibosho. Nilijadiliana nalo siku kadhaa, limekaa juu ya sufuria, mimi kitandani. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Jani halikuzijibu.

Jumapili nikatoka. Kwenye mlango wa duka la vifungo, hapa chini ninapopita kila siku, kuna chungu chenye utepe mwekundu. Kuna isale ndani yake. Laoban anasema inavuta bahati ya biashara. Nilimuuliza kama inaweza pia kutumika kuomba radhi. Alinitazama kama mtu aliyetaka kupunguziwa bei, akasema ninunue chungu kizima. Nikanunua chungu kizima.

Sesilia, uliyoyaandika katikati ya barua yako nimeyasoma. Nimeyasoma mara moja tu, kwa sababu sikuhitaji mara ya pili.

Sasa naandika rasmi, na hii umsomee Humphrey mbele ya watu, kwa sauti, bila kuruka:

"Mimi Kassian, kifungua mimba, niliyeketi juu ya kigoda cha Baba kwa miaka mingi bila kukigusa, natoka. Kata ya kwanza ya mbege si yangu tena. Kidari si changu. Loyce asingoje mtu. Humphrey nilimwita gavana, na kazi yote ya mfalme ameifanya yeye: ndiye aliyempeleka Mama hospitali, ndiye aliyechimba kaburi la Baba tangu jembe la kwanza mpaka la mwisho, mimi nikituma salamu. Lakini sitamteua, kwa sababu nikimteua atakuwa mtu wangu. Kaeni mchague. Mkimchagua yeye, aketi kwenye kigoda chenyewe, si pembeni yake. Mkimchagua mwingine, Humphrey amsaidie kama alivyonisaidia mimi, Mungu amuhurumie."

Ndani ya bahasha kuna majani mawili yenye fundo. Moja la Humphrey, moja la Loyce. Usiwaeleze ni ya nini. Wao watajua.

Nilikuwa namtetea mfalme wa mbali, na wewe ulijua namtetea nani. Patrice naye alijua. Nadhani hata sufuria inajua. Bado sisemi kura ni dawa, yule marehemu wa Shahe sijamsahau. Ila mfalme mzuri ni yule ambaye watu wakimhitaji anaweza kuja, na mimi siwezi. Umenipata, na nimekiri kwa maandishi. Lisome ulipite.

Kuhusu kiapo chako, sina ushauri tena. Mwambie babu, kule aliko, kwamba safari hii mnajiamulia wenyewe.

Kassian

---

Kibosho, 3 Januari 2026

Kaka Kassian, shikamoo.

Barua yako ilichelewa. Posta ya Kanada waligoma tena, nikaipokea Novemba ikiwa imegandiana na tangazo la piza. Safari hii kweli kosa lilikuwa la posta.

Niliapa. Nilidhani kutakuwa na ukumbi, bendera, watu wamesimama. Ilikuwa kwenye kompyuta, chumbani kwangu, juu nimevaa blauzi ya kanisani, chini suruali ya kulalia. Nyuso nyingi kwenye viboksi, kila mtu mkono juu. Nilipofika kwenye jina la Mfalme na warithi wake nilimkumbuka babu, midomo ikaendelea na sauti ikabaki nyuma. Hakuna aliyesikia, kila mtu alikuwa amezimiwa kipaza sauti. Kisha hakimu akatupongeza. Mwanamke wa kiboksi cha jirani alikuwa analia, mtoto wake mapajani akiipungia skrini mkono. Nilimtazama yule mtoto, nikayakumbuka ya Marlène. Sasa nina kura kule, na siku wakikubaliana kuuliza, najua nitakavyojibu.

Siku hiyohiyo nikaacha kuwa wa huku, maana sheria ya kwetu haitaki uraia wa mara mbili. Nimeingia Kibosho kwa viza. Askari wa uwanja wa ndege, KIA, aliniuliza, "Umekuja kutembea?" Nikamwambia ndiyo.

Mama mzima, amekonda. Nimewapa majani yao. Humphrey alilitazama lake, akalitia mfuko wa shati, akaenda kukata majani ya ng'ombe, akarudi jioni na majani kidogo sana. Loyce alisuka nywele.

Kikao kilikaa siku ya pili ya Krismasi. Nilisoma maneno yako kwa sauti bila kuruka. Pale kwenye kaburi la Baba, mjomba mkubwa alivua kofia. Baadaye wakasema wapige kura, na hakuna aliyejua inapigwaje nyumbani kwa mtu, wakanyoosha mikono. Mama alinyoosha yote miwili, hakuna aliyethubutu kumwambia. Humphrey alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Watu wa Godson walikuwa wamekaa chini ya turubai, safari hii na mbege. Wamempokea Loyce, au wao wanasema sisi tumewapa. Harusi ni baada ya Pasaka.

Umeandika kwamba Humphrey aketi kwenye kigoda chenyewe. Nilisema hivyo mbele ya wote, mjomba akasema ndiyo, kiletwe, akikalie watu waone. Wakatazamana. Loyce akaingia ndani, akatoka mikono mitupu.

Kigoda kililiwa na mchwa mwaka ule wa mvua nyingi, Mama akakichoma jikoni kama kuni. Kiti ambacho wamekuwa wakikuachia wazi ni cha plastiki, cha parokia, na katekista amekuja kukichukua.

Sesilia